Mafuta ya Kawaida

Siku ya pili baada ya ndege kuingia golini, benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lilijaa kabla kahawa haijachemka. Kindege cha viti vinne kilikuwa kimezimika injini juu ya mapaa ya mtaa, kikashuka kimya hadi uwanja wa shule, kikang'oa mlingoti na kusimama na wavu puani. Hakufa mtu. Rubani, ambaye mtaa mzima ulimwita Kapteni, alivunjika mguu. Mwisho wa benchi alikaa Pampu, mtu aliyekijaza mafuta kindege kile kwa miaka sita. Kikombe chake kilikuwa kimepoa, hajakigusa.

— Lile goli halali, au alikuwa ameotea? aliuliza Redio, kinyozi mwenyewe, mkasi mkononi.

— Acha mzaha, ndugu yangu, alisema Shoka, seremala. Injini imekufa angani! Ni mafuta yalikwisha.

— Yataishaje? Haba na haba hujaza kibaba!

— Basi haba na haba zilivuja. Mama, nipe ya kawaida.

Muuza kahawa akammiminia. Shoka akaonja, akakunja uso.

— Mbona tamu?

— Si umesema ya kawaida?

— Kawaida yangu haina sukari!

— Tangu lini, baba? Wiki jana ulitaka vijiko viwili.

Watu wakacheka. Pampu hakucheka. Alilirudia neno lile kimoyomoyo: kawaida.

— Mimi nawaambia mafuta yalinyonywa, alisema Redio. Kuna watu wana mpira mrefu kutoka chini hadi mawinguni!

— Na nani anaushika huko juu?

— Mwenzao! Umoja ni nguvu!

— Wewe Redio umepoteza mawimbi. Kapteni alikuwa amelewa, basi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ndege iliinama, niliiona!

— Kalewa kweli! alidakia mwingine. Ndiyo maana wakaguzi wa ndege wamekuja. Leo saa nne wanamnyang'anya leseni palepale kitandani hospitalini.

— Kapteni halewi, alisema Pampu.

Wote wakamgeukia.

— Haya, wewe wa kiwanja cha ndege, tuambie basi!

Pampu akaangalia viatu vyake. Kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Wenzake wakarudi kwenye mpira wa mawinguni, wakauongezea kilomita mbili.

Ndipo akapita dada yake Kapteni, chupa ya chai mkononi na shuka za hospitali kwapani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, aliitikia muuza kahawa. Mgonjwa anaendeleaje?

— Mguu utapona. Leseni ndiyo sijui. Anasema juzi aliagiza mafuta ya kawaida, kama siku zote. Akapeleka dawa hospitali ya milimani, akaishiwa wakati wa kurudi. Nami sijui mambo ya ndege, kaka zangu. Kawaida ni lita ngapi?

Mkasi ukasimama. Redio akamtazama Shoka, Shoka akatazama kikombe chake chenye sukari.

— Kawaida ni... kawaida, alisema Redio, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

Pampu akainuka.

— Yangu ni arobaini, dada. Ya kwenda ng'ambo ya mto na kurudi. Miaka sita hakuwahi kwenda kwingine. Juzi alisema kawaida akiwa na milima kichwani, yaani ya kutosha safari ile, mimi nikasikia mto. Sikumuuliza. Yeye naye hakutumbukiza kijiti cha kupimia mafuta kwenye tangi.

— Utayasema hayo mbele ya wakaguzi?

— Ndiko tuendako. Lete shuka nikubebee.

— Pampu, kahawa yako imepoa, aliita muuza kahawa. Ukirudi nikuwekee ya kawaida?

Pampu akasimama katikati ya njia.

— Hapana, mama. Nikirudi, niulize.