Gideoni, Aliyewapa Majina Watu Walio Chini ya Ndege

Ndugu waombolezaji, mdogo wetu Gideoni Bartholomayo Nangomwa alizaliwa Chidya, Masasi, tarehe 14 Machi 1996, akasoma hapohapo hadi kidato cha nne mwaka 2014, na mwaka 2016 akahamia Newala, akapata kazi kwenye banda la video, akizitafsiri filamu za vita kwa sauti yake mwenyewe, na sauti ile nyote mnaijua.

Tarehe 5 Juni 2021 alifunga ndoa na Salome, na tarehe 9 Februari 2023 wakajaliwa binti, Isabela.

Kazini, ndege isiyo na rubani ikiachia bomu, Gideoni alipaza sauti, "Kwisha habari yao!", banda zima likapiga makofi, hadi mwaka 2024 ilipokuja filamu ambamo askari anaiongoza ndege kama hiyo akiwa amekaa kitini, nchi nyingine kabisa, anakunywa kahawa, na kwenye kioo cha kompyuta yake kuna mtu amebeba mtoto, Gideoni akaacha kutafsiri, watu wakapiga miluzi, "Baba Isabela, tafsiri bwana, tumelipa!", naye akajibu, "Nimwiteje? Hawajampa hata jina."

Tangu hapo akawa anawapa majina yeye, huyu Hamudi anatoka kisimani, yule Mwanasha ana mimba, makofi yakaisha, wateja wakahama, akaachishwa kazi, familia ikaenda Mnyambe kulima korosho.

Tarehe 11 Julai 2025 ndege ndogo isiyo na rubani, ya kupulizia dawa mikorosho, ilikuja juu ya shamba lao bila wao kuambiwa, Salome akaona mumewe amemnyakua mtoto, anakimbia, ndege inavuma, akajikwaa, kichwa kikapiga kisiki, na bado alikuwa amemlalia mtoto, na vijana walioiongoza wakiwa barabarani, wakimtazama kwenye kioo cha simu, wakacheka, wakidhani anatania. Alilazwa, akafariki tarehe 13 Julai.

Watani, Salome anawaomba, maana tangu jana anawaona mnanong'onezana, haki yenu ya kumwigiza marehemu msibani ni yenu, igizeni sauti yake, igizeni mwendo wake, ila atakayemwigiza akikimbia abebe kitu kifuani, na akianguka akifunike, kwa sababu Isabela yuko hapa mkekani anatazama, na hadi leo pikipiki ikipita anaingia uvunguni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mnyambe, na wenzake wa bandani mliofunga kazi mkaja.

Pumzika kwa amani, Baba Isabela, juu yako sasa hakuna ndege, ni mkorosho tu.