Dona Ermelinda Kazikwa Kata ya Watu

Wasikilizaji wapendwa, leo nina hasira, na sitaificha. Tumemzika Dona Ermelinda Vilarinho. Tumemzika Casal Mourão. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Ermelinda wa Fonte Ruiva amezikwa Casal Mourão.

Alizaliwa hapa Fonte Ruiva, upande wetu wa mto Douro. Tangu usichana alioka mkate wa mahindi, akakuuzia huku anakusuta. Mumewe, Belmiro, amelala kwenye makaburi yetu nyuma ya kanisa. Pembeni yake paliachwa nafasi. Nafasi ile ilikuwa ya Ermelinda, na hakuna asiyejua.

Kisha serikali ikaunganisha kata. Yetu ndogo ikamezwa na Casal Mourão, kubwa na yenye maringo yake. Ofisi ikahamia kwao. Makaburi yetu yakafungwa, maiti zetu nazo zikawa zinapelekwa kwao. Kibao chenye jina la kata mpya kiliposimamishwa mbele ya nyumba ya Ermelinda, alianika shuka juu yake. Polisi akamwambia aanue.

"Mwanangu," akamjibu, "shuka zangu hazijui kusoma."

Akaendelea kuanika hapo, miaka kumi na zaidi. Alikwenda Lisbon kuandamana, magoti yakimuuma. Mwishowe Bunge likakubali. Kata ikarudi, wasikilizaji! Makaburi yakafunguliwa tena, kengele zikapigwa, divai ikanywewa, Ermelinda akacheza na padri.

Hapo ndipo tulipoharibu wenyewe. Ilibidi tugawane mali na Casal Mourão, kama mke na mume walioachana. Kulikuwa na lori jipya. Kulikuwa na Silvério, mchimba kaburi, mmoja tu. Tukaambiwa tuchague: lori au Silvério. Ukumbi mzima ukataka lori, kwa sababu ndilo linalobeba bendi yetu siku ya sikukuu, na Casal Mourão wametucheka vya kutosha kwa kupita na bendi juu ya trekta. Ermelinda peke yake akasimama kumtetea Silvério.

Adérito, mwenyekiti wetu wa kata, akamtania. "Dona Ermelinda, kwani una haraka ya kwenda wapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Lori halichimbi, Adérito," akasema, akaketi.

Tukachukua lori.

Mwezi wa pili, homa ya mapafu ikamchukua. Adérito akampigia simu mwenzake wa Casal Mourão, akaomba Silvério kwa asubuhi moja tu. Akajibiwa kwamba lazima kwanza ofisi mbili zikubaliane, na kikao ni wiki ijayo. Wanaume wa mtaa wakachukua majembe yao. Ofisi yetu, narudia, ofisi yetu wenyewe, ikawazuia: kanuni haziruhusu mtu asiyeajiriwa na kata kuchimba. Maiti haingoji kikao. Basi tukavuka naye mpaka ule ule alioupigania, tukamlaza kati ya watu asiowajua. Na sheria haituruhusu kumhamisha mpaka miaka mitatu ipite.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wetu kazaliwa mapema.

Rambirambi zetu zimfikie binti yake, Zulmira, na wote wa nyumba ile. Nilimkuta jana jikoni kwa mama yake, tanuri limepoa. Sikutaka kumhoji, alianza mwenyewe.

"Siku ya Watakatifu Wote tunaosha makaburi asubuhi, kabla padri hajaja kubariki," aliniambia. "Makanisa yote mawili yanabariki saa ile ile. Baba yuko huku, mama yuko kule. Nianzie kwa nani?"

Wasikilizaji wapendwa, mlioinua mikono ukumbini mnajijua. Tafakarini. Kisha mmoja wenu aende akamjibu Zulmira.