Bi Hayat Weslati na Waliokosa Darasa

Tarehe 30 Juni Bi Hayat Weslati, mwalimu wetu wa hisabati, atarudisha funguo za kabati lake na kustaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha, ishirini na tisa akiwa hapa shuleni kwetu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Lotfi Gharsalli, niandike wasifu wake. Nimeuliza mara mbili kwa nini mimi, na jibu halijaniridhisha.

Mimi ndiye msimamizi wa mahudhurio. Mwanafunzi aliyekosa hata siku moja haingii darasani bila kikaratasi chenye sahihi yangu. Mwaka mmoja vijana wanne waliniletea vyeti vya mafua kutoka kwa daktari wa macho. Kazi hii haimwachii mtu imani nyingi, na Bi Hayat hakunirahisishia.

Wanafunzi wake walifaulu bakaloria, mtihani wa kumaliza sekondari, kwa wingi kiasi kwamba mkaguzi alikuja mara mbili kuhakikisha, mara ya pili kwa ombi langu. Hakuwahi kuchelewa, jambo ambalo nalo nililitilia shaka. Kila Jumamosi alileta kwenye chumba cha walimu mkate wa tabuna, uliookwa katika tanuri la udongo, na mafuta ya zeituni ya kwao. Niliwasubiri wenzangu waule kwanza.

Miaka minane iliyopita alifungua tovuti ya darasa. Aliegemeza simu kwenye rundo la vitabu, akarekodi kila somo, na jioni akaliweka kwenye tovuti kwa ajili ya waliokosa: wagonjwa, watoto wa ng'ambo ya wadi, korongo linalofurika mvua ikinyesha, na wale wanaochuma zeituni na wazazi wao. Walimu walimpigia makofi. Mimi nilimwambia waziwazi, "Madamu, unawatandikia watoro kitanda."

"Kalale wewe kwanza, Bwana Lotfi," akanijibu, "halafu tuone kama utafaulu mtihani wangu."

Nikaanza kuyasikiliza masomo yenyewe, moja baada ya jingine. Kitu kimoja kilinikera. Mwanzoni mwa kila somo alitaja majina ya waliokosa siku hiyo, na baada ya kila jina alinyamaza kidogo. Niliupima ukimya ule kwa saa yangu ya mkononi: sekunde tatu. Nikaamini kuna ishara anazowapa, ila sijazing'amua tu.

Ndipo likaja suala la Yosr Ayari, msichana wa mwaka wa mwisho. Alikuwa amekosa siku ishirini na saba, na baraza la nidhamu lilikuwa tayari kumfukuza miezi mitatu kabla ya bakaloria. Bi Hayat alileta ushahidi kutoka kwenye tovuti kwamba Yosr alifungua kila somo na kutuma kila zoezi. Nikasema mazoezi anayafanya mwalimu mwenyewe, nikaandika ripoti ya kurasa mbili. Siku moja kabla ya kikao nikapanda pikapu hadi kijijini kwa kina Yosr, nikiwa na hamu ya kumnasa.

Nilimkuta amekaa juu ya paa la banda la kuku, mahali pekee pale kwao panaposhika mtandao. Mama yake alikuwa amevunjika nyonga, na hapakuwa na mwingine wa kumuuguza. Yosr alikuwa amenipa mgongo. Sauti ya Bi Hayat ikatoka kwenye simu: "Yosr Ayari."

"Nipo, Madamu," akasema yule binti.

Kisha somo likaanza, naye akafungua daftari. Niliona aibu. Mama yake, aliyelazwa kando ya dirisha, akaniita, "Karibu, baba, umefuata mayai?" Nikasema ndiyo. Nilirudi na mayai kumi na mawili na ripoti yangu mfukoni.

Kesho yake niliiondoa ripoti ile na kuliambia baraza kwamba nimejiridhisha. Bi Hayat akanikazia macho. "Unataka nini, Bwana Lotfi?" Nikamwambia sitaki chochote. Hakuniamini, na sikumlaumu. Yosr alifanya mtihani akafaulu, sasa anamaliza mwaka wa tatu chuo kikuu. Cheti chake cha bakaloria nimekiona kwa macho yangu.

Kamati ingependa niishie hapo. Lakini mwaka uliotangulia ule wa Yosr nilikuwa nimepeleka barazani ripoti mbili za namna ileile, ya Saber Rtimi na ya Marwa Khlifi. Tovuti ilionyesha kwamba nao walifungua masomo yao yote. Nilisema ni udanganyifu, na baraza likanisadiki kwa sababu nina sifa ya kutodanganyika. Kwao sikwenda. Wote wawili walifukuzwa.

Bi Hayat hajawahi kunitajia majina hayo. Kwa miaka minne nilidhani anayaweka akiba kwa siku atakayotaka kunibana. Sasa anaondoka, na siku hiyo haikufika. Nimegundua kwamba hakuwa akiingoja.

Bi Hayat, asante kwa kazi yako yote, na kwa mkate ambao niliula nikiwa wa mwisho. Walimu na wanafunzi wote tunakuombea afya njema, usingizi wa asubuhi na miaka mingi ya furaha na wajukuu wako. Jumamosi nitapanda kwa kina Saber, kisha kwa kina Marwa. Sijui kama watanifungulia mlango.