Mashine ya Mawe na Mfumo Mpya wa Kompyuta

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu: mfumo mpya wa kompyuta na mashine ya kuchongea mawe ya makaburi havikuelewana. Tunaanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuja kuhakikisha kuwa limekwisha. Limekwisha.

KARIBU
Karibu karakana. Vumbi utatusamehe, tumefagia mara mbili, lakini jiwe halishindwi.

TULIKOTOKA
Tulianza kwa patasi na nyundo. Mashine ilipokuja tuliinunia, kisha tukaipenda. Kila jiwe husomwa na watu wawili kabla ya kuchongwa: mmoja anasoma skrini kwa sauti, mwenzake anafuata kwa kidole karatasi iliyoletwa na wafiwa. Hivyo tulikaa miaka tisa bila kuharibu jiwe.

YALIYOTUPATA
Ofisi ilichagua mfumo endeshi mpya, mmoja kwa kompyuta zote. Makarani walifurahi, na wana haki. Barua zao zinafunguka upesi. Programu ya mashine yetu ikaukataa. Fundi wa kompyuta aliibembeleza mpaka ikafunguka, akasema, "Wazee, mtazoea tu."

Kimya, mwendesha mashine wetu, akamjibu, "Sisi tutazoea. Jiwe je?"

Kwenye skrini tulisoma, kila kitu sawa. Mashine ikachonga kwa herufi nyingine, nene kuliko zetu, na mwaka wa kufariki ukaishia ukingoni ukiwa na tarakimu tatu. Mjane alilitazama jiwe la mumewe akasema, "Jamani baba zangu, hata mwaka alioniacha mmeubania?" Tulikosa pa kuficha nyuso.

Kosa letu tunalikiri. Badala ya kukuambia, tuliona haya tukajaribu jiwe la pili, halafu la tatu. Tulikuwa sita. Barua ya onyo alipewa Kimya peke yake.

NAFUU
Tulipokupigia simu hukuunda kamati. Ulisema, "Warudishieni mfumo wa zamani leo hii." Mfumo ukarudi. Jiwe la mjane likatoka saa nane mchana, mwaka umetimia. Tulishusha pumzi kwa pamoja mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

MAOMBI
Kompyuta hii inayoendesha mashine isiguswe. Itafutwe ya pili kama hiyo, maana hii nayo ina umri wake. Siku mfumo ukibadilishwa tena, ujaribiwe kwanza kwenye kipande cha jiwe bovu, nasi tukiwepo. Na barua ya Kimya itoke kwenye faili lake. Alifanya tulichokubaliana wote.

Mungu akupe afya, na jiwe lako lichelewe sana kufika kwetu.

Gharama yenyewe ni hii: mawe matatu. Siku kumi na tisa. Safari nne za mjane, kwenda na kurudi kwa miguu. Na Kimya, aliyechonga hapa miaka ishirini na miwili, sasa hawashi mashine mpaka amwite mtu asimame karibu yake.

Ni sisi,
Wachongaji sita wa karakana ya mawe