Jaji Aliyemfunga Mwenye Jengo

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi mtoto wake wa kwanza nawasomea maisha ya mama yetu, na atakayeona kiti kinamwasha avumilie, nasoma yaliyotokea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu, akasoma shule ya msingi jirani na kwao, kisha sekondari ya bweni, hadi chuo kikuu alikohitimu sheria mwaka 1975, akaajiriwa kuwa hakimu mwaka uliofuata, na mwaka 1994 akateuliwa kuwa jaji. Alifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1979 na mwalimu wa hesabu, baba yetu, wakajaliwa watoto watatu, ambao tulijitetea kwa zamu mezani na mara nyingi tukashindwa.

Mwaka 2008 alisikiliza kesi ya ghorofa lililowaporomokea wapangaji, kesi iliyojaza magazeti, na kabla ya hukumu mkuu wake wa kazi, Jaji Mfawidhi, yule aliyeketi mstari wa mbele na shada kubwa kuliko yote, alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia, "Dada, mwenye jengo ni mtu wetu, legeza kidogo." Marehemu akamjibu, "Waliofukiwa nao wana wenyewe," akarudi mahakamani, akampa mwenye jengo miaka kumi na minne.

Tangu hapo ukavumishwa uongo kwamba alihongwa na wapangaji, watu ambao hata sufuria zao zilibaki kifusini, akahamishiwa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, wenzake wakamnyima salamu, na tarehe 30 Juni 2011 akastaafu bila hata kupewa mkono wa kwaheri. Uvumi huo ulitoka kinywa kimoja, tunakijua, na hatujasamehe.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2017, akafariki hospitalini Jumanne tarehe 5 Machi 2019, akiwa bado anasubiri mtu mmoja aje kukiri kwamba alimsingizia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompeleka kliniki kwa magari yao, na kati ya wafanyakazi wenzake tunamshukuru karani wake peke yake, maana ndiye aliyekanyaga kwetu.

Anayefuata kwenye ratiba ni Jaji Mfawidhi, kwa salamu za mahakama. Mama hakuwahi kumsikiliza shahidi ambaye hajaapa, nasi hatutavunja utaratibu wake mbele ya jeneza lake, kwa hiyo karani amesimama pale na vitabu vya dini zote, mheshimiwa achague chake, ainue mkono wa kulia, aape kusema kweli tupu, ndipo apewe kipaza sauti.

Pumzika kwa amani, mama, shahidi ameitwa.