Mdakaji Aliyeambiwa Angoje

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Ukumbi wa Heshima wa Besiboli wa Marlow Springs, Mama Winifred Stroud. Mheshimiwa Meya wa mji huu. Ndugu wachezaji mliotangulia kuingia humu, mlioketi nyuma yangu na ambao mabamba yenu ya shaba yako ukutani. Waandishi wenzangu mnaopiga kura. Bibi Darlene Beauchamp na familia. Ndugu wageni waalikwa, nanyi mliowahi nafasi kwenye nyasi tangu asubuhi na viti vyenu vya kukunja: nawasalimu nyote, na nashukuru kupewa nafasi ya kusema kabla ya mwenye siku yake.

Jina langu Walt Zielinski. Nimeandika habari za besiboli ya jimbo hili kwa muda mrefu, hata baadhi ya viwanja nilivyoanzia kazi sasa ni maegesho ya magari. Leo nimepewa kazi ya kumtambulisha Lonnie Beauchamp, aliyekuwa mdakaji wa timu ya Wolcott. Ni kazi nyepesi, kwa sababu wengi wenu mlimwona akichuchumaa nyuma ya mpigaji, barakoa usoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, akiamua mpira urushwe vipi na urushwe lini. Warushaji walioshindwa kwingine walikuja Wolcott wakawa watu.

Mmoja wao alinisimulia siku aliyoshikwa na woga, uwanja umefurika, wapinzani wamejaa kwenye vituo vyote. Lonnie akasimamisha mchezo, akamwendea pale kwenye kilima cha kurushia, akaziba mdomo kwa glavu. Sote jukwaani tulidhani anampa mbinu.

"Alikuambia nini?" nikamuuliza.

"Aliniuliza kama kwetu mahindi yameshaiva."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia bado wiki moja. Akasema, haya bwana, tumalize hapa twende tukale."

Mpigaji aliyefuata alikosa mipira yote. Niambieni, ndugu zangu, kazi ya namna hiyo inaandikwa kwenye safu gani ya takwimu?

Na hapo ndipo linapokuja swali ambalo mgeni yeyote angeuliza. Ikiwa sote tulimjua hivyo, kwa nini anaingia leo, mvi kichwani na magoti yote mawili ya chuma, badala ya kuingia siku ile jina lake lilipopigiwa kura kwa mara ya kwanza? Je, alikuwa na maadui? Hakuwa nao. Je, kulikuwa na njama? Ningefurahi iwepo, maana njama ni habari nzuri ya kuandika. Hapakuwa na njama. Palikuwa na desturi.

Gazeti langu haliruhusu mwandishi kupigia kura jambo analoliripoti, kwa hiyo majira ya baridi yale nilikaa kwenye baa ya hoteli na bakuli la njugu, nikiwasikiliza wenye kura. Marehemu Hub Kessler, ambaye wakati ule alikuwa mkubwa wao kwa umri na kwa sauti, aliulizwa kama Lonnie ataingia.

"Ataingia. Nani wa kumzuia?"

"Kwa hiyo umempa kura yako."

"Mwaka wa kwanza? Acha utani wewe! Mwaka wa kwanza ni wa majabali. Mwache angoje kidogo, heshima ikolee."

Rosalind Teague alikuwa kando yake. "Mimi kura yangu nimempa mzee mmoja ambaye huu ni mwaka wake wa mwisho kwenye orodha," akasema. "Lonnie hana shida. Ninyi mtamjazia kura."

"Sisi nani?"

"Si ninyi hapo!"

Wakacheka wote, na kila mmoja aliyecheka alikuwa amefanya vilevile. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Safari hii aliyekufa maskini hakuwa mtegemeaji. Kanuni yetu inasema mchezaji asiyefikisha kura tano katika kila mia jina lake linafutwa, na halirudi tena. Kura zilipohesabiwa, jina la Lonnie likafutwa. Waliomwambia angoje walikuwa wamemfungia mlango, na waliposikia matokeo walitazamana kama watu walioacha chungu motoni, kila mmoja akidhani mwenzake yuko jikoni.

Lonnie, kwa kuwa watu wote walikuwa wamemhakikishia, alikwisha nunua suti.

Mwaka uliofuata watu walewale walimpitisha Clete Hargis mara ya kwanza tu jina lake lilipotokea. Nikamwendea Hub.

"Mbona huyu hakungojeshwa?"

"Huyu ni tofauti."

"Tofauti kwa kipimo gani?"

"Ukimwona unajua."

"Na Lonnie hukumwona?"

"Walt, ndugu yangu, kunywa bia yako."

Clete, nakuona unacheka hapo nyuma, na ni vizuri, kwa sababu unastahili kuwa humu na sijawahi kuandika vinginevyo. Nisemalo ni kwamba wewe ulipimwa kwa pishi na mwenzako kwa kibaba, na aliyeshika vipimo alikuwa mtu mmoja. Tumewahi kumkataa mrushaji kwa sababu ya ulimi mchafu, kisha tukampokea mwingine aliyempiga mwamuzi ngumi, tukamwandikia kwenye shaba kwamba alikuwa na moyo wa ushindani. Kijana anayepita ukutani kwetu akisoma mabamba yale atajifunza nini kuhusu mchezo huu, isipokuwa kwamba inategemea wewe ni nani?

Hata hivyo sikuja kulaumu. Nimekuja kushukuru, na wa kushukuriwa wapo.

Namshukuru Mama Winifred, aliyeunda kamati ya kuyarudia majina yaliyofutwa, akaamuru kila jina liulizwe maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, hata kama jina ni la rafiki wa mjumbe. Aliambiwa anavunja mila. Akajibu kwamba mila isiyoweza kujibu swali ikae pembeni kidogo, ipumzike. Namshukuru pia Rosalind, aliyepo hapa, ambaye hakuitwa na mtu bali alikwenda mwenyewe mbele ya kamati na kusema, "Tulimwangusha bila hata mmoja wetu kumsukuma." Sentensi hiyo ilifanya kazi kuliko makala zangu zote. Na namshukuru Bibi Darlene, aliyeitunza ile suti kwa miaka yote hii. Asubuhi nilipomuuliza kama inamtosha mzee, alinijibu, "Suti ni ileile. Aliyebadilika ni mwenye suti." Nimearifiwa kuwa fundi ameongeza kitambaa mgongoni, kwa hiyo Lonnie akipokea bamba lake msimzunguke.

Kamati ilipompitisha nilikwenda kwake kumhoji. Darlene akatuletea mkate wa tufaha, tukakaa barazani.

"Nitakuja," Lonnie akasema. "Lakini ukinililia mbele za watu, Walt, naondoka na kiti changu."

"Sasa niseme nini?"

"Zungumza habari za Teo."

Teo Villafaña ndiye mdakaji aliyeirithi nafasi yake Wolcott. Lonnie alimfundisha kuchuchumaa, kunyamaza, na kuulizia mahindi. Majira ya baridi yanayokuja jina lake linapigiwa kura kwa mara ya kwanza. Na jana kwenye chakula cha wageni, kati ya supu na nyama, nililisikia tena neno lile, kwa sauti ileile ya upole: "Teo ataingia tu. Si lazima iwe mwaka huu."

"Mimi limeshanipita," Lonnie aliniambia pale barazani. "Nimezeeka nikiwa na watu wangu, sina deni na mtu. Ila yule mtoto asifanyiwe hivi na watu wanaompenda."

Wahenga walisema subira yavuta heri. Walewale wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mzee huyu amezionja zote mbili, na anatuomba mwingine asizionje.

Kwa hiyo, waandishi wenzangu, nina ombi moja. Siombi mniambie mtampa nani kura. Hiyo ni siri yenu, nami naiheshimu. Naomba tu yule anayeamini kwamba Teo Villafaña anastahili kuingia humu, lakini anakusudia kumngojesha, asimame sasa hivi, mbele ya Lonnie, ili tumfahamu.

Nangoja.

Harvey, hapo kwa waandishi, kama ni chupa yako ya maji imeanguka, iokote ukiwa umekaa.

Vema. Naandika hapa: hakuna aliyesimama. Kesho itakuwa gazetini hivyo hivyo, bila nyongeza, na kura zitakapohesabiwa nitaisoma tena.

Asanteni kwa kunisikiliza, na asanteni zaidi kwa kubaki mmeketi. Sasa simameni nyote: anapita Lonnie Beauchamp.