Mpima Maziwa Anayekunywa Strungi

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Walubengo wa idara ya kupokea maziwa ya kiwanda chetu atavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Koti lenyewe limebadilishwa mara kadhaa. Mzee hajabadilishwa, ingawa wapo wakulima walioomba.

Alijiunga nasi mwaka wa 1994 akitoka kozi fupi ya ufugaji pale Mabanga, akiwa na mke, binti mchanga Joan, na Biblia iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alianza kwa kuosha mitungi hapa Kitale, kisha akakabidhiwa laktomita, kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa na kuzama zaidi yakiwa yametiwa maji. Tangu hapo, kila asubuhi amepanda lori la Adow, dereva wetu, wakateremka hadi kituo chetu cha Ndalu, karibu na kwake nyumbani, kupima maziwa ya majirani.

Kupima maziwa ya majirani si kazi ya kutafutia marafiki. Amewahi kuambiwa kwamba mvua ilinyesha ndani ya mtungi uliofungwa. Amewahi kuambiwa ati ng'ombe alikunywa maji mengi jana. Husikiliza mpaka mwisho, hutikisa kichwa kwa upole kama aliyekuja kutoa pole, kisha humrudishia mtu mtungi wake.

Ni mzee wa kanisa pia, kanisa la Marafiki, ambako waumini husifika kwa kuketi kimya. Huenda kimya chake chote hukimaliza huko. Maombi yake ya Jumatatu kazini huanzia Kitale, hushuka Kiminini, hupitia Kamukuywa hadi Bungoma mjini, na kama hakuna aliyekohoa, hurudi kwa njia ya Suam akiwabariki watu wa mpakani. Adow, ambaye huswali msikitini, hungoja nje akipasha lori moto. Wengine wetu tumewahi kumwonea wivu.

Jambo moja liliwashinda wafanyakazi wapya. Mtu huyu anayeshinda na maziwa kutwa hunywa strungi, chai ya rangi tupu. Nekoye, mwenye kibanda cha chai kando ya kituo cha Ndalu, amekuwa akimtengea birika lake dogo lisilo na maziwa tangu mwaka wa 2011. Akiulizwa, Mzee husema ni tumbo. Tumbo hilo hilo tumeliona harusini likishughulikia kuku bila malalamiko. "Hata Ramadhani yetu huisha, Mzee," Adow alizoea kumwambia. Yeye hucheka, kisha hupuliza kikombe.

Sisi wa zamani tulijua, maana tulikuwapo. Agosti ya mwaka huo wa 2011, shule zikiwa zimefungwa, mwanawe Ian alileta maziwa ya nyumbani kwa baiskeli. Asubuhi hiyo Mzee alikuwa ametuhubiria uaminifu, na sasa laktomita ikazama mbele ya foleni nzima. Mtu mwingine angenong'ona. Mzee aliinua sauti, asionekane anapendelea wake. "Mwizi ni mwizi, hata akiwa wa kwangu." Ian alifunga mtungi wake kwenye baiskeli akaondoka.

Jioni, kama tulivyokuja kusikia, mkewe, Mama Phelista, alimweleza. Yeye ndiye aliyesuuza mtungi jana yake, akaacha maji ndani usije ukashika harufu, kama wafanyavyo wengi Ndalu, na kijana akamimina maziwa juu yake bila kuchungulia. "Baba Joan, mtoto hakuiba. Si urudi uwaambie wale watu." Mzee akajibu kwamba laktomita haidanganyi. Mama Phelista akamwekea strungi mezani, akasema maziwa yaliyobaki yana maji, hayafai mtu wa cheo chake. Kwa ukaidi akainywa, na kesho yake tena, mpaka ikawa desturi.

Ian alikua, akaoa, akafuga ng'ombe wake. Krismasi walikula pamoja na nyama ilipita mezani bila shida. Ila maziwa yake yote aliyapeleka kwa hoteli za Bungoma mjini, akipita kwa pikipiki mbele ya kituo chetu bila kugeuza shingo. Baba yake, kila aliposikia pikipiki ile, aliacha kupima mpaka ipite. Sisi wa mizani tulijifanya tunafuta mizani.

Jumatatu iliyopita ilikuwa zamu yake ya mwisho ya kuomba, nasi tulikuwa tumekunywa chai mapema, tukijua safari ni ndefu. Haikutoka hata Kitale. "Miaka hii yote nimemwomba Mungu amlainishe Ian moyo," alisema, "nikashangaa mbona hajibu. Kumbe mwenye moyo mgumu ndiye alikuwa amepiga magoti." Akasema amina. Adow hakuwa hata amewasha lori.

Tulipofika Ndalu, Ian alikuwa kwenye foleni na mtungi wake. Baba yake alikuwa amempigia simu Jumapili baada ya ibada, akamwomba aje, bila kusema sababu. Zamu ya Ian ilipofika, Mzee alivua kofia.

"Wengi wenu mlinisikia nikimwita huyu mwizi, hapa hapa. Hakuwa mwizi. Mama yake aliniambia siku hiyo hiyo, nami nikaona haya kurudi kusema. Ian, nisamehe."

Alisema kwa sauti ile ile ya 2011, hata wa nyuma kabisa wakasikia.

Ian alifungua mfuniko wa mtungi. "Pima tu, Baba," akasema. "Na usinipendelee, bana. Hawa watasema."

Mzee akapima. Laktomita ilielea, lakini macho yake yalikuwa yamejaa, ikabidi Ian amsomee, jambo ambalo kanuni za kituo haziruhusu. Hatukuona. Kisha Mzee akachota kikombe kimoja kutoka mtungi ule kabla haujafika kwetu, hasara tuliyoikubali, akampelekea Nekoye.

"Nichemshie na haya."

"Na tumbo?" Nekoye akauliza.

"Limepona."

Walikunywa wawili, baba na mwana, kwenye benchi moja, Adow akipiga honi kwa heshima tu.

Mzee Walubengo, asante kwa maziwa safi uliyotulindia na kwa Jumatatu zote ulizotuombea, hata zile tulizosinzia. Mama Phelista, asante kwa kutuazima mume wako. Mkeo ametuomba tukukumbushe, Mzee, kwamba nyumbani siku hizi mitungi humwagwa maji kwanza, na kwamba mpimaji wanaye tayari. Nenda ukapumzike. Tunakuombea afya, maombi mafupi, na chai nzito ya maziwa kila asubuhi.

Wenzako wa mizani